Mahame ya Barabara ya 66

Bila shaka umepata kupita mahali palipokuwa kijiji zamani, na sasa ni mahame. Wauona mwembe uliosimama peke yake, na vigae vya vyungu njiani, na kiwanja kilichoota magugu. Ukiuliza, wazee hukueleza sababu: maji yalikauka, au ulikuja ugonjwa, au palikuwa na vita. Leo nakuletea habari za mahame ya namna nyingine. Yako Marekani, nchi isifiwayo pote kwa mali yake, na waliohama hawakukimbia njaa wala vita. Barabara ilisogezwa. Pengine ilisogezwa nusu maili tu, na nusu maili hiyo ikatosha.

Twende kwanza mahali paitwapo Glenrio, katika mpaka wa majimbo mawili, Texas na New Mexico. (Nasema majimbo ya serikali, si majimbo ya Maaskofu.) Hapo utaikuta barabara pana ya lami, na majani yametokeza katika nyufa zake. Kando yake pana kituo cha petroli kisicho na petroli, na mkahawa usio na meza, na nyumba ya wageni ambayo haijapata mgeni kwa miaka mingi. Madirisha hayana vioo. Mlango mmoja umeng'oka bawaba, na upepo ndio unaoingia na kutoka. Mbele ya nyumba hiyo kilisimamishwa kibao kirefu. Wasafiri waliotoka magharibi kiliwaambia kwamba hii ndiyo nyumba ya wageni ya kwanza katika Texas, na wale waliotoka mashariki kiliwaambia kwamba ndiyo ya mwisho. Herufi zake nyingi zimekwisha kuanguka.

Glenrio haikuwa kubwa kamwe, lakini watu wake walijua kuishi mpakani. Upande wa Texas kodi ya petroli ilikuwa ndogo, basi pampu za petroli zikawekwa upande wa Texas. Lakini wilaya ile ya Texas ilikuwa imekataza kuuza pombe, basi baa zikajengwa upande wa New Mexico. Gari la moshi lilishusha barua Texas, na ofisi ya posta ilikuwa New Mexico, kwa hiyo mifuko ya barua ilibebwa kuvuka mpaka. Hata saa hazikulingana: Texas ikiwa saa sita ya mchana, ng'ambo ya pili ni saa tano. Mtu aliweza kujaza petroli, akavuka mpaka kunywa bia yake, akajikuta amerudishiwa saa moja ya maisha!

Katika miaka ya 1970 barabara kuu mpya ikajengwa pembeni mwa kijiji. Ukisimama leo mbele ya kituo kile cha petroli wasikia malori yakinguruma katika barabara hiyo mpya, usiku na mchana. Hayageuki.

BARABARA ILIVYOZALIWA

Ili tuelewe mambo ya Glenrio, yatupasa kurudi nyuma miaka mia hivi. Motokaa zilipoanza kuwa nyingi Marekani, barabara zilikuwa hazina mpango. Kila chama cha wenyeji kiliipa njia yake jina, kikapaka rangi nguzo za kando yake, na msafiri akabahatisha. Mwaka wa 1926 serikali iliamua kuzipa barabara kubwa namba, nchi nzima. Mmojawapo wa wapangaji alikuwa Cyrus Avery, mfanya biashara wa mji wa Tulsa katika jimbo la Oklahoma. Yeye alitaka barabara ya kutoka Chicago mpaka Los Angeles ipite kwao, nayo ikapita. Aliitakia namba 60. Lakini gavana wa Kentucky naye aliing'ang'ania namba hiyo kwa barabara nyingine, wakashindana kwa barua na simu, na mwisho Avery na wenzake wakachagua 66 iliyokuwa haina mwenyewe. Namba hizo zilithibitishwa tarehe 11 Novemba 1926.

Urefu wake ulikuwa maili 2,448 hivi, yaani karibu kilometa 3,940. Ilipita majimbo 8: Illinois, Missouri, Kansas, Oklahoma, Texas, New Mexico, Arizona na California. Kansas iliigusa kwa maili 13 tu, kama mtu akatizaye pembe ya shamba la jirani. Usidhani ilikuwa ya lami tangu mwanzo. Mwaka ule wa 1926 maili 800 tu zilikuwa zimetandikwa kitu kigumu. Nyingine zote zilikuwa za udongo na changarawe, na mvua ikinyesha, ole wako! Huko Texas palikuwa na sehemu iliyosifika kwa matope, karibu na kijiji kiitwacho Jericho, kama mji ule wa Yeriko wa Maandiko. Motokaa zilizama, na wenyeji walizivuta kwa wanyama wao. Kazi ya kutandika barabara nzima ilikwisha mwaka wa 1938. Jericho yenyewe leo ni mahame pia.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo mzizi wa habari yote. Barabara ya 66 ilipita katikati ya miji midogo. Ilipofika mjini ikawa ndiyo njia ya maduka, na mlango wa duka ulitazamana na motokaa. Mwenye nyumba kando ya barabara alikuwa na mali mkononi mwake, kwa kuwa motokaa za siku zile zilikuwa na njaa na kiu kama punda: zilitaka petroli, maji, mipira na fundi, na watu waliomo walitaka chakula na kitanda.

Basi mtu alianza na pampu moja mbele ya nyumba. Mkewe akapika kahawa na mayai, watoto wakafuta vioo vya motokaa za wageni. Fedha zikipatikana, akajenga vibanda viwili vitatu nyuma ya nyumba, kila kimoja na kitanda na beseni, na mahali pa kusimamisha motokaa mlangoni. Vibanda vya namna hiyo vikaja kuitwa moteli, maana yake hoteli ya wenye motokaa. Nyumba nyingi uzionazo zimeanguka leo hazikujengwa na makampuni makubwa. Zilijengwa na baba na mama na watoto wao, kwa akiba yao yote, na pengine kwa deni la benki.

Na kwa sababu motokaa hazikai, kila mmoja alitafuta la kuwasimamisha wapitao. Huko Arizona mwenye duka mmoja alichukua nguzo za simu akatengeneza mishale miwili mikubwa mno, akaichomeka ardhini kana kwamba imetupwa kutoka mawinguni. Katika mji wa Holbrook, jimbo hilo hilo, walijenga vyumba vya wageni vya saruji vyenye umbo la mahema ya wenyeji wa asili, vimechongoka juu. Usiku taa za rangi ziliwaka kandokando ya barabara, nyekundu, kijani na buluu. Ulikuwa ushindani wa kelele bila sauti.

WALIOPITA HUMO

Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya taabu. Katika nchi tambarare za kati ya Marekani wakulima walikuwa wamelima mno, wakiyang'oa majani yaliyoshika udongo. Mvua ilipokosa kunyesha, upepo uliinua udongo huo ukawa wingu, na mchana ukawa giza. Bei ya mazao ilikuwa imeanguka pia. Wengi walinyang'anywa mashamba kwa deni. Yakadiriwa watu 210,000 hivi walikwenda California kutafuta kazi, na wengi wao walipita njia hii, magodoro yamefungwa juu ya motokaa mbovu, na bibi kizee ameketi katikati ya masufuria. Mwandishi John Steinbeck alisimulia safari zao katika kitabu chake cha mwaka 1939, na tangu hapo barabara ikazoea kuitwa Barabara Mama. Watu hao walikuwa maskini. Lakini hata maskini mwenye motokaa hana budi kununua petroli, na senti zao ziliwafaa wenye maduka ya njiani, ambao nao walikuwa katika miaka ile ile ya dhiki.

Halafu ikaja vita kuu ya pili, na askari na mizigo yao wakaijaza barabara. Baada ya vita wakaja wenye nafasi, baba na mama na watoto katika likizo, wakienda kuona majangwa na bahari. Miaka ya 1950 ilikuwa ndiyo miaka ya shibe.

Lakini nisikufiche neno. Si kila msafiri aliyekaribishwa na taa zile za rangi. Mtu mweusi aliyesafiri na jamaa yake aliweza kuwa na fedha mfukoni, na bado akanyimwa kitanda, akanyimwa sahani ya chakula, hata choo. Katika wilaya 89 zilizopitiwa na barabara hii, nusu hivi zilikuwa na miji ambayo mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana humo baada ya jua kutua. Wazazi walijaza kikapu chakula cha safari nzima, na baba aliendesha usiku kucha kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kulala. Tarishi mmoja wa posta huko Harlem, New York, aliyeitwa Victor Hugo Green, alianza mwaka wa 1936 kuchapa kitabu kidogo cha kuwaongoza weusi wenzake: hoteli hii itakupokea, mkahawa huu utakupa chakula, kinyozi yule atakunyoa. Kitabu kiliendelea kuchapwa karibu miaka 30, hata baada ya sheria ya mwaka 1964 iliyokataza ubaguzi katika hoteli na mikahawa.

Kwa ajili hiyo nataka uikumbuke nyumba moja ndogo iliyo karibu na mji wa Luther, Oklahoma. Huko alikaa Allen Threatt, mkulima mweusi mwenye shamba lake. Katika ardhi yake alikuwa na machimbo ya mawe ya mchanga. Yapata mwaka 1915, kabla barabara haijapewa namba, alichimba mawe hayo akajenga kituo cha petroli. Barabara ya 66 ilipokuja ikapita mlangoni pake. Hapo mweusi alijaza petroli bila kutukanwa, akapumzika, na watoto wakaenda chooni. Wewe wasema, choo ni kitu gani cha kuandikwa gazetini? Muulize mama aliyesafiri maili mia mbili na mtoto wa miaka minne. Jamaa ya Threatt walikuwa na kiwanja cha mchezo wa besiboli pia, na watu wakakusanyika. Kituo kilifungwa katika miaka ya 1970. Tutakirudia.

SIKU BARABARA ILIPOONDOKA

Mwaka wa 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya kujenga barabara kuu mpya, maili 41,000 katika nchi nzima, na serikali kuu ikakubali kulipa senti 90 katika kila dola ya gharama. Yafaa tuseme kweli: barabara hizo zilihitajiwa. Ile ya 66 ilikuwa nyembamba, yenye kona na madaraja ya kubana, na ilikuwa imeua watu wengi hata wengine waliiita Barabara ya Damu. Karibu na mji wa Miami wa Oklahoma (si ule wa pwani ya Florida) pana kipande chake kilichojengwa mwaka 1922 chenye upana wa futi 9 tu. Motokaa mbili zikikutana hapo, sharti kila moja iteremshe magurudumu ya upande mmoja. Mwenye akili hawezi kuomba barabara ya namna hiyo idumu kwa ajili ya mikahawa.

Lakini tazama jinsi barabara mpya ilivyotengenezwa. Ina seng'enge pande zote mbili. Hakuna nyumba inayofungua mlango kwake. Motokaa huingia na kutoka mahali palipopangwa tu, na kati ya pango moja la kutokea na jingine pengine ni maili nyingi. Haipiti mjini, huuzunguka mji. Kwa hiyo dereva aweza kuiona hoteli yako kwa macho yake, aweza hata kusoma bei, na asiweze kuja. Mji uliopewa njia ya kutokea ulipata pumzi. Mji uliokosa ulikauka.

Na fidia je? Mtu ambaye ardhi yake ilichukuliwa alilipwa bei ya ardhi. Yule ambaye ardhi yake haikuguswa, ila wateja wake wote walichukuliwa siku moja, hakuwa na haki ya kulipwa kitu. Kwa sheria mteja si mali yako. Mimi sijui kama hakimu angeweza kuamua vingine, lakini ukikaa mahali pa mjane mwenye vibanda kumi na deni la benki, utaona kwamba kilichojengwa kwa faida ya nchi nzima kililipwa na wachache waliokaa kando ya njia.

Miji mingine ilipigana. Williams, katika Arizona, ilikwenda mahakamani, na ujenzi ukacheleweshwa mpaka serikali ya jimbo ilipokubali kutengeneza njia tatu za kutokea. Ndiyo sababu Williams ulikuwa mji wa mwisho kuzungukwa, tarehe 13 Oktoba 1984. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Juni 1985, namba 66 ikafutwa rasmi katika orodha ya barabara za taifa. Vibao vikang'olewa.

Miji iliyo mingi haikuwa na wanasheria. Sikiliza habari za Amboy, katika jangwa la Mojave, California. Hapo alikuwako mtu aitwaye Roy Crowl, na baadaye mkwewe Buster Burris, waliofungua kituo cha petroli, mkahawa, gereji na vyumba vya wageni. Jangwani motokaa huchemka na mpira hupasuka, basi kazi haikukatika usiku wala mchana. Mwaka wa 1959 wakasimamisha kibao kikubwa mno chenye jina la Roy, kinachoonekana toka mbali katika tambarare ile nyeupe. Mwaka wa 1973 barabara kuu mpya ikafunguliwa upande wa kaskazini, mbali na Amboy, nyuma ya milima. Motokaa zikatoweka kama maji yamwagwayo mchangani. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Shule ilifungwa. Vyumba vya wageni vimebaki na kuta na madirisha, bila wageni.

Mwaka wa 2005 Albert Okura, mwenye mikahawa ya kuku wa kuchoma huko California, aliununua mji wote kwa dola 425,000. Naam, mji mzima, na posta yake, na kiwanja kidogo cha ndege! Mwaka wa 2008 petroli ikauzwa tena hapo, na mwaka wa 2019 taa za kibao cha Roy zikawashwa baada ya giza la miaka mingi. Okura alifariki mwaka 2023. Kuvipa vile vyumba maji ya kutosha kwa wageni ni kazi nyingine, maana maji ya Amboy ni ya chumvi.

KINYOZI WA SELIGMAN

Huenda umekwisha kuchoka na habari za kuanguka. Basi sasa nikueleze habari za Angel Delgadillo.

Alizaliwa mwaka 1927 katika mji mdogo wa Seligman, Arizona, katika nyumba ya Wameksiko yenye watoto tisa. Baba yake alikuwa kinyozi, naye akawa kinyozi, kando ya Barabara ya 66. Kaka yake Juan alifanya kazi ya reli, akaokota mbao zilizotupwa na reli, na mwaka wa 1953 akajenga mkahawa wa kuuza mkate wa nyama na maziwa baridi. Mtu huyo alipenda mzaha: aliweka vitasa viwili mlangoni, kimoja cha kweli na kimoja cha uongo, amcheke mgeni. Walilea watoto wao kwa nywele na mkate.

Tarehe 22 Septemba 1978 barabara kuu mpya ilifunguliwa, maili chache tu kutoka hapo. Asubuhi motokaa zilipita maelfu kama desturi. Mchana ule ule njia ikawa tupu. Angel amesimulia mara nyingi kwamba hakuna aliyekuja kuwaambia wala kuwaaga. Ilikuwa kana kwamba dunia imewasahau. Miaka ikapita. Maduka yakafungwa, vijana wakaenda mijini, mabati yakaanza kulia kwa upepo. Hapo ndipo Seligman ulipofanana na Glenrio.

Lakini kinyozi husikia mengi kitini pake. Angel aliona kwamba wapo wageni wachache ambao hugeuka kwa makusudi waone barabara ya zamani. Mwezi wa Februari 1987, akiwa na umri wa miaka 59, aliwakusanya wenzake wachache wakaanzisha chama cha kuitunza barabara katika Arizona. Hawakuomba fedha kwanza. Waliiomba serikali ya jimbo jambo moja tu, jina: kwamba njia ile iandikwe kuwa barabara ya kumbukumbu, na vibao virudishwe. Mwaka ule ule wakakubaliwa. Wengine wakaiga, jimbo kwa jimbo, mpaka majimbo yote 8 yakawa na vyama. Leo kipande kirefu cha Barabara ya 66 kilichobaki bila kukatika kiko Arizona, yapata maili 158, na Seligman hupokea mabasi ya wageni kutoka Ulaya na Asia, wakipiga picha mlangoni mwa kinyozi. Mimi nadhani wengi wao hawajui kwamba walikuwa karibu kukuta kichaka.

NYUMBA IPI ITENGENEZWE?

Mwaka wa 1999 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusaidia kutengeneza majengo ya barabara hii, kwa ruzuku ambazo mwenye jengo naye sharti atoe sehemu yake. Mengine yameokoka vizuri. Katika mji wa Shamrock, Texas, pana kituo cha petroli na mkahawa uliojengwa mwaka 1936, wenye mnara na vigae vya rangi. Kilipofungwa, benki ya mji ilikinunua mwaka 1999 ikakitoa zawadi kwa mji, kikatengenezwa. Watoto waliotazama filamu ya katuni ya motokaa ya mwaka 2006 wameliona jengo hilo bila kujua, maana wachoraji waliiga umbo lake.

Mengine yamekwenda. Huko St. Louis, Missouri, palikuwa na moteli ya mwaka 1941 iitwayo Coral Court, yenye kuta za matofali ya kung'aa na pembe za mviringo. Watu walilia, waliandika, walikusanya sahihi. Mwaka wa 1995 ikabomolewa, zikajengwa nyumba za kukaa watu. Kibanda kimoja tu kilibebwa tofali kwa tofali mpaka nyumba ya makumbusho.

Kuna na njia ya tatu, nami naipenda. Katika jangwa la Arizona limesimama duka moja peke yake, lililoachwa katika miaka ya 1950 barabara iliposogezwa. Hakuna nyumba nyingine machoni. Mwaka wa 2018 wapenzi wa barabara walichanga fedha wakalinunua. Hawakulipaka rangi mpya wala kufungua biashara. Walitia nguvu msingi na kuta na paa lisianguke, basi, wakaliacha litazame jangwa lake.

Na kituo kile cha Threatt? Tangu mwaka 1995 kimeandikwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kukumbukwa. Lakini kuandikwa katika orodha hakuzibi paa. Mwaka wa 2021 kiliwekwa katika orodha nyingine, ile ya majengo 11 yaliyo katika hatari kubwa kupita yote Marekani. Jambo hilo liliwashtua watu wengi, misaada ikaanza kuja. Wazao wa mzee Allen hawakuiuza ardhi. Nia yao ilikuwa kukifungua tena kituo kwa wageni, mnamo mwaka 2026, Barabara ya 66 inapotimiza miaka mia. Haikuwa nia ya kuuza petroli. Walitaka mgeni ashuke, akae kivulini, aelezwe ni nani waliokuwa wakisimama hapo na kwa nini hawakuweza kusimama kwingine. Mawe ni yale yale yaliyochimbwa shambani.